Waraka wa Jiko la Pili

Kitendawili!

Mmesema tega? Natega. Ana matumbo thelathini na sita, hana hata mdomo mmoja.

Si ghala. Si gunia. Wewe hapo nyuma unayesema ni bosi wako, kaa chini, bosi mdomo anao. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mji wowote, mimi sichagui. Ahsanteni. Nimekwenda huko, nimekaribishwa, nimekalishwa kwenye kochi la wageni, nimerudi nimenenepa. Jibu ni makabati ya jikoni kwa mwanangu. Yako thelathini na sita, na hakuna hata moja lenye kishikio.

Wala sisemi kwa kulalamika. Nasema kwa fahari. Mwanangu ni Mkurugenzi wa Idara ya Mwonekano wa Ndani, na jiko lile limetangazwa kuwa Jiko la Mfano la Taifa. Tangazo lilisomwa redioni baada ya taarifa za vifo na kabla ya mpira, wakati ambao kila mtu ametega sikio.

Waraka Namba Saba ulisema hivi, nami naukariri bila karatasi: "Jiko la kiongozi lisionekane kuwa jiko." Sababu zilitolewa. Utafiti ulionyesha kwamba mgeni akiona sufuria nyumbani kwa kiongozi, huanza kufikiri kuwa kiongozi naye huona njaa. Na kiongozi anayeona njaa anafanana mno na mwananchi. Hilo lingeleta mkanganyiko. Kwa hiyo sufuria zikapigwa marufuku kuonekana, miiko vilevile, na neno "kupika" likaondolewa kwenye maandishi yote ya serikali, lenyewe na watoto wake: mpishi, mapishi, upishi. Kitengo cha Takwimu kiliomba kiachiwe neno hilo kwa matumizi ya ndani. Ombi linashughulikiwa.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini mwanangu aliniteua kuwa Mjumbe wa Heshima Anayewakilisha Watumiaji Wastaafu. Nikapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nakivaa hata nikienda kuoga, maana huwezi kujua kikao kitaitishwa saa ngapi.

Akaja mbunifu, mwanamke nadhifu, kabeba vipande vya rangi mkononi kama mtu anayetaka kucheza karata.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayekuja kutujengea jiko?"

"Bibi, hatujengi jiko. Tunajenga hisia."

"Vizuri. Na hiyo hisia moshi wake unatokea wapi?"

Akaandika kwenye daftari. Nadhani lilikuwa swali zuri.

Akanieleza kuwa jiko jeupe limepitwa na wakati. Dunia nzima sasa iko kwenye rangi tulivu: uyoga, udongo, na hii hapa inayoitwa moshi. Nikaitazama ile moshi. Ilikuwa moshi kweli. Jiko langu la zamani lilikuwa na rangi hiyohiyo miaka thelathini, na kila mwaka marehemu mume wangu alipanda ngazi na ndoo ya chokaa akaificha. Kumbe tulikuwa tumeitangulia dunia, tukajirudisha nyuma kwa mikono yetu wenyewe.

"Halafu hapa katikati," akasema, "tunaweka kisiwa."

"Kisiwa? Na bahari je?"

"Bahari ni sakafu, Bibi."

Kisiwa, kwa asiyejua, ni meza pana ya marumaru isiyo na miguu, imeketi katikati ya chumba ili watu waizunguke. Si ya kila mtu. Waraka umepanga: mkuu wa kitengo ana haki ya kisiwa kimoja cha kuzungukwa kwa hatua nane, mkurugenzi, visiwa viwili, naibu waziri, vitatu, na waziri anaruhusiwa funguvisiwa, kundi zima.

Friji likavikwa mbao. Mlango wa stoo ukavikwa mbao zilezile. Jiko lenyewe, lile la moto, ni kioo cheusi kilicholala juu ya kisiwa cha pili. Hakina mkaa, hakina gesi, hakina mwanga, unakigusa kwa imani. Juu yake wakaweka bomba la kujazia sufuria, zuri mno, la rangi ya shaba, linachungulia mahali ambapo sufuria hairuhusiwi kukaa.

Makabati yale hufunguka kwa kuguswa. Shida ni kwamba hayajui nani kayagusa. Siku ya kwanza nilipiga chafya, yakafunguka sita. Siku ya pili nikaanza kutafuta chumvi. Nilianza asubuhi kwa kabati la mlangoni; kufika adhuhuri niko la kumi na tisa, nikasikia baridi kifuani, nikajua nimefika kwenye friji. Chumvi tuliipata Alhamisi.

Na hata tungeipata mapema ingetusaidia nini? Jiko la Mfano halikuruhusiwa kutumika kabla Waziri hajalizindua. Mbunifu alikuwa akipita kila wiki kukagua, kainama, jicho moja kalifumba kama fundi anayepima ukuta. Mara moja alikuta ganda la kitunguu ukubwa wa ukucha. Likaingia kwenye ripoti kama "dalili za maisha". Tukawa tunakula mkate na ndizi, tumesimama, juu ya gazeti, tena gazeti la jana ili tusichafue habari mpya.

Mkwe wangu, mke wa Mkurugenzi, alivumilia. Ni fundi cherehani, na mafundi cherehani wana subira. Wamezoea wateja wanaonenepa katikati ya gauni. Lililomuuma halikuwa mkate. Tangu mwanangu apande cheo alikuwa anamsemesha mkewe kama barua. Akiombwa kwenda kununua sabuni, anajibu: "Nimelipokea, linafanyiwa kazi." Akiulizwa amelalaje: "Hali ni shwari kwa ujumla." Mwanzoni mkwe wangu alikuwa anacheka. Halafu nikaona hacheki.

Basi shati lilipoanza kumpwaya, Mkurugenzi akajikumbusha kuwa wakubwa wa dunia siku hizi wana majiko mawili: la mbele la macho, na la nyuma la tumbo. Akaita mafundi waweke chumba kidogo uani. Ila chumba cha namna hiyo kinataka kibali cha Wizara, na barua ya kuomba kibali isingeweza kutaja kupika, wala sufuria, wala njaa. Mwanangu ni mtiifu kwa waraka wake mwenyewe. Akaandika:

"Naomba kibali cha kupata jiko la pili. La kwanza ni zuri, halina kasoro na wageni wote hulisifu, ila kwa sasa limebaki la kutazamwa tu. Nahitaji la pili, dogo, lisilo na makuu, litakalokaa nyuma ya nyumba bila kuonekana na wageni, kwa ajili ya kunihudumia kila siku."

Barua ikafika masjala. Karani wa pale, mtu mzima, akaisoma mara mbili, akafuta miwani, akasema, "Makubwa!" Msimlaumu. Katika lugha yetu mwanamume akipata jiko, watu humletea pongezi na vyombo. Karani akaigonga muhuri, akaipeleka Dawati la Ndoa za Watumishi. Na kwa mujibu wa taratibu, nakala ikatumwa nyumbani, kwa jiko la kwanza.

Mkwe wangu alinisomea akiwa amesimama kati ya visiwa viwili.

"Mama, sikia. Dogo. Lisilo na makuu."

"Nimesikia, binti yangu."

"La kwanza halina kasoro." Akaikunja barua vizuri, kwa mstari, kama kitambaa. "Angalau kasoro sina."

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nikataka kumshika mkono, nikagusa kabati, likafunguka kati yetu.

Keshoye akaja Afisa wa Dawati la Ndoa, mtu mwenye adabu, mkoba kaukumbatia kifuani. Akatoa fomu, akaitandaza juu ya marumaru.

"Samahani, Mama. Kibali kimekubaliwa kimsingi. Yamebaki maswali mawili. Kwanza: je, jiko la kwanza linaridhia?"

Mkwe wangu akamtazama.

"Na la pili ni nafasi tu ya kujaza. Jina la jiko la pili."

Mkwe wangu akageuka. Akaingia chumbani, akatoka na gauni lake la harusi za watu, hereni ndefu, wanja umekolea. Akaketi kwenye stuli ya kisiwa cha kwanza, mkono mmoja shavuni. Afisa akasubiri mpaka kalamu ikamkauka, akaenda zake.

Mchana huo nikakaa karibu naye.

"Binti yangu, si mwanamke. Ni chumba."

"Najua, Mama. Niliona mafundi wakipita na matofali. Nani anaoa kwa matofali?"

"Sasa?"

"Sasa mpaka aniambie kwa mdomo wake. Mimi sikuolewa na masjala."

Nikafunga kikao.

Mkurugenzi aliporudi akanivuta pembeni. "Mama, mbona mke wangu kakaa pale amejipamba?"

"Anatazamwa."

"Kwa muda gani?"

"Barua yako haikuweka ukomo."

Badala ya kwenda kwake, hatua kumi na moja, nimezihesabu, akamwandikia dokezo: "Husika na somo tajwa hapo juu. Tafadhali ridhia." Mkwe wangu akalitumia dokezo kufungia maganda ya ndizi.

Afisa akaja mara ya pili, akauliza, akatazamwa, akaondoka. Chumba cha uani kikakamilika, lakini mlango wake ukafungwa kwa utepe wa serikali mpaka ridhaa ipatikane. Faili likaandikwa "kiporo", na hicho ndicho kiporo pekee kilichokuwa kimebaki katika nyumba ile.

Ikafika siku ya uzinduzi.

Waziri alikuja na magari manane na hotuba moja. Ni mzee wa heshima, mwenye mwili wa kujaza mlango, ingawa siku hiyo aliingia akabakiza nafasi pande zote. Akazunguka kisiwa cha kwanza. Akazunguka cha pili. Akamsalimu mkwe wangu pale kwenye stuli: "Shemeji, hujambo?" Mkwe wangu akainamisha kichwa kidogo, kama picha yenye tabia njema. Watu wakapiga makofi.

Halafu Waziri akamnong'oneza Mkurugenzi, mnong'ono wa mtu aliyezoea kipaza sauti, tukausikia wote.

"Naomba maji."

Mwanangu akagusa kabati. Vitambaa. Akagusa jingine. Taa ikawaka, ndani hamna kitu. La tatu likafungua la nne. Mbunifu akamkimbilia kumsaidia, naye akapata stoo, akaingia, mlango ukajifunga taratibu kwa ustadi. Makabati ishirini na saba yakawa wazi, nyumba imeachama kama vifaranga, maji hayajaonekana.

"Basi, basi," akasema Waziri, akajishikiza kwenye marumaru. "Ndugu yangu, tangu Jumatatu nimezindua majiko tisa. Tisa! Sijatia kitu cha moto tumboni. Kwangu nina funguvisiwa. Nikimwita mke wangu, sauti inarudi peke yake. Hebu niambie kama kaka. Nyumba hii ina chakula?"

Bomba la shaba likadondosha tone.

Afisa wa Dawati la Ndoa, aliyekuwa kwenye msafara kwa sababu ya faili lake, akajitokeza na mkoba.

"Mheshimiwa, kuna jiko la pili uani. Ila sheria hairuhusu liguswe mpaka la kwanza liridhie."

Waziri akamtazama mkwe wangu na hereni zake. Akamtazama Mkurugenzi.

"Kumbe unaoa! Na njaa yote hii?"

"Hapana, Mheshimiwa! Lile ni... ni eneo la uandalizi wa awali wa rasilimali za lishe."

"Sema Kiswahili."

"Ni sehemu ya kuwezesha..."

"Kiswahili, ndugu yangu, nitaanguka."

Mwanangu akatoa leso, akafuta shingo. Nikamwona kama nilivyokuwa nikimwona akirudi shule amepoteza kiatu.

"Pa kupikia!" akapaza sauti. "Nilitaka pa kupikia! Sufuria! Nina njaa, Mheshimiwa, nina njaa tangu mwezi uliopita!"

Kutoka stoo tulisikia mbunifu akisema, "Asije mwandishi wa habari akaandika hilo." Waandishi walikuwa wanaandika.

Mkurugenzi akageuka. Zile hatua kumi na moja akazitembea, mbele ya magari manane ya watu, akasimama mbele ya stuli.

"Mke wangu, nisamehe. Ni chumba tu. Ningekwambia mwenyewe, lakini kila nikitaka kuanza, sijui naanzia kifungu gani."

Mkwe wangu akamtazama muda mrefu, kutoka kola hadi viatu, kwa jicho la fundi anayempima mtu gauni bila futi. Kona ya mdomo wake ikacheza. Waziri akapangusa jasho. Afisa akasogeza fomu juu ya marumaru, akaiweka kalamu kando yake, kwa heshima.

"Samahani, Mama. Ni mara ya tatu sasa. Jiko la kwanza linaridhia?"

"Linaridhia," alisema mkwe wangu, "na hapo kwenye jina la jiko la pili, andika Mkurugenzi."