Vipande Kumi na Vinane Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Darubini yetu ya eksirei ina wiki ya sita angani na bado ina makengeza. Tunailenga nyota, nyota inatokea kando. Kata digrii moja vipande elfu tatu na mia sita: tunakosea vipande kumi na vinane, kushoto. Watu wa nje wanasema ni kidogo. Hawajui kitu.
Bosi, Bi Nishiwaki, ametukumbusha Daruma, mwanasesere mwekundu juu ya kabati. Tulimpaka jicho moja siku ya kurusha. Atakayeleta nyota katikati ndiye atakayempaka la pili. Miaka kumi na tisa niko hapa, sijapaka hata kope. Jicho hilo ni langu.

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua! Jua linapasha fremu upande mmoja, fremu inapinda. Nimeingiza marekebisho kwenye jedwali la kulenga: kumi na vinane kulia. Utaratibu ni kuandika daftarini na kupiga muhuri wako. Sikuandika. Kashiwabara wa meza ya pili husoma daftari kama gazeti. Leo kutwa anatabasamu peke yake. Sijapenda.

Jumatano, 5 Juni
Aibu. Nyota imetokea kumi na vinane upande wa pili. Kumbe Kashiwabara naye alirekebisha jana, kimyakimya, bila muhuri. Anasema eti mimi ndiye msoma daftari. Uongo mtupu, huwa naangalia kurasa zake tu.
Bi Nishiwaki amesema, "Nyinyi wawili mnanizeesha. Mmoja aondoe rekebisho lake, na apige muhuri." Tumeinamiana, tumeombana radhi. Tukacheza jiwe, karatasi, mkasi. Kashiwabara kashinda: ataondoa lake kesho saa nane, mbele ya wote. Akanipiga bega, "Pole, kaka."

Alhamisi, 6 Juni
Nilikuwa nakula tambi, nikashtuka. Akiondoa lake, nyota inakuja katikati, na jicho anapaka yeye! Sikubali. Wenzangu wakiwa bado kantini, nimerudi mbio nikaondoa langu. Daftarini sikuandika, angejua. Sasa nyota iko katikati, kwa mkono wangu. Kashiwabara na aje na muhuri wake saa nane, aondoe lake; atakuwa amechelewa.
Muda ulibaki. Nimepanda kiti na brashi, nimempaka Daruma jicho la pili, likauke mapema. Limekaa vizuri sana. Limekwenda kushoto kidogo tu.