Kanzu Nyeupe Niliyoshuka Nayo Mombo

Ndugu zangu wa Bungu,

Leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, pale Mombo, mbele ya watu waliokuwa wamekwisha kuvua viatu na kukaa mikekani. Naandika upesi kabla dereva wa lori hajapita huko kwenu akawasimulia yeye. Yeye atatia chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji chumvi. Tangu nirudi Lushoto nakaa, nasimama, nakaa tena. Saa ya mteja nimeifungua, nikaitazama, nikaifunga kama ilivyokuwa. (Fundi saa ambaye akili haimtulii afadhali aandike barua.)

Kwa wale ambao sijawaambia: kuna mjane mmoja Mombo, jina lake Zaina, anauza vitunguu na ndizi sokoni. Mimi ni mgane, mnajua. Tumekwisha kuelewana, yeye na mimi. Kilichobaki kilikuwa kumwomba kwa kaka yake, Athumani, fundi cherehani, ambaye ndiye anayeangalia nyumba yao. Nilitaka kutuma mshenga kama watu wote. Zaina akakataa. Alisema washenga waliowahi kuja kumsemea wanaume wengine walikula wali, wakazunguka maneno mpaka magharibi, wakaondoka bila mtu kujua wamemtaka nani. Akaniambia nije mwenyewe, kwa sababu kaka yake hupenda kumwona mtu. Tena humwona kuanzia nguo, maana ndiyo kazi yake.

"Lakini lile koti lako," akasema, "liache huko huko kwenye ukungu wenu."

Alikuwa na haki. Mara ya mwisho nilishuka na koti langu la sufu. Hapa Lushoto nalivaa hata katika kiangazi, na asubuhi nalifunga vifungo vyote. Sasa Mombo, mwezi kama huu, jua linakaa juu ya kichwa cha mtu kama mzigo. Nilipofika sokoni kwa Zaina rangi ya bitana ilikuwa imehamia kwenye shati, na yeye akaniuliza nimevuka mto gani.

Basi safari hii nikajiandaa. Ninacho kitabu cha afya cha Kiingereza, na kamusi ya kukisomea, na ndani yake mna sura nzima ya mavazi ya nchi za joto. Nikaisoma, nikaisoma tena. Kinasema nguo iwe nyeupe ili isivute jua, iwe nyembamba, iwe pana ili hewa ipite. Kinasema tena mtu aliyepata joto asinywe vitu vya moto na asiende kwa haraka. Nikaona ninayo nguo hiyo tayari: kanzu yangu ya bafta, ile ninayoivaa siku za Idi. Ilikuwa sandukuni, imekunjwa vizuri, na katika kila mkunjo nilikuwa nimetia kipande cha karafuu maiti kwa ajili ya nondo.

(Ndiyo. Ile ile tunayowatilia marehemu kwenye sanda. Mwenye duka aliniambia inafukuza wadudu, na ni kweli, sijaona nondo hata mmoja. Harufu yake nilikuwa nimeizoea. Na hapa kwetu kwenye baridi haijitokezi sana.)

Nikaivaa asubuhi, nikajitazama kwenye kioo, nikajiona mtu. Nikatembea polepole kama kitabu kinavyotaka mpaka kwenye lori.

Ndani ya lori nilipata heshima ambayo sijawahi kuipata. Watu walinipisha. Mama mmoja mwenye kapu la kabichi akasogea mpaka mwisho wa benchi, akaniambia, "Pole, baba." Nikamjibu ahsante, nikidhani ananipa pole ya vumbi. Kadiri tulivyoteremka zile kona za mlimani, joto lilizidi, na kadiri joto lilivyozidi, mazungumzo yalipungua. Waliokuwa wanacheka waliacha kucheka. Dereva naye, mtu ambaye huimba njia nzima, alinyamaza. Nikajisemea: tazama nguo safi inavyowatia watu adabu.

Mombo nilishuka nikiwa mkavu. Hilo nalitaja kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo jambo pekee lililokwenda vizuri.

Athumani nilimkuta barazani kwake, mguu kwenye cherehani. Tulikuwa tunafahamiana kwa sura tu. Tukasalimiana vizuri. Nikamwambia nimeshuka kutoka Lushoto. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Alinitazama kanzu, akavuta pumzi kwa pua, akanitazama uso.

Hapa lazima mjue jambo moja. Baba yao mdogo, Mzee Singano, amelazwa hospitali huku kwetu Lushoto tangu mwezi uliopita. Mimi huenda kumtazama, na nyumbani kwao wanajua. Jana nilikuwa naye, anaendelea vizuri, anagombana na watu juu ya uji. Alikuwa amenipa salamu niwafikishie nyumba nzima. Lakini mimi, ndugu zangu, nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Kwanza dua. Pili, kueleza mimi ni nani. Tatu, posa. Salamu za Mzee Singano niliziweka mwisho, ili watu waondoke na furaha.

Athumani akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimemwona baba yake mdogo.

"Nimemwona," nikasema. "Nitafika huko. Kila jambo kwa utaratibu wake. Kwanza naomba waitwe wakubwa wa nyumba, kwa sababu jambo nililokuja nalo si la kusemea barazani."

 Akaifunika cherehani kwa kitambaa, akaingia ndani.

Nikaletewa chai. Ilikuwa inatoka moshi, na jua lile! Nikakumbuka kitabu, nikaikataa. Nikaletewa muhogo, nikaukataa pia, maana niliona bora nizungumze kwanza. Mtu aliyeleta akatazamana na Athumani. Sasa nyinyi mnajua, nami najua, kwamba kwetu mgeni anayekataa hata chai ana jambo zito kifuani. Lakini mimi nilikuwa nafikiria jasho.

Mara nikaona mikeka inatandikwa barazani. Jirani mmoja akaleta benchi. Mwingine akaleta mtungi wa maji na kata. Wanaume wakaja mmoja mmoja, wanavua viatu, wananishika mkono kwa mikono miwili, wanakaa mikekani. Mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenye ndevu nyeupe, akaja akakaa karibu nami, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Shangazi yao akatolewa ndani, ameshikwa mkono. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba kama mtu anayeishiwa nguvu.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijisemea kwamba Athumani anajua kumpokea mtu, na kwamba Zaina alikuwa amenitia hofu ya kaka yake bure.

Nikasimama. Nikaomba dua fupi. Nikaanza kwa sauti ya utulivu, kama nilivyofanya mazoezi mbele ya kioo: kwamba mwanadamu hapangi, Mungu ndiye apangaye, kwamba mimi niliyesimama mbele yao ni fundi saa wa Lushoto, kwamba sikuja kwa wepesi, njia nzima moyo wangu haukutulia, na kwamba naomba wanisikilize mpaka mwisho, hata kama neno lenyewe litawashtua.

Shangazi hakunisikiliza mpaka mwisho. Aliweka mikono kichwani.

"Ndugu yangu mimi," akasema. "Ndugu yangu wa tumbo moja."

Mwalimu akasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un." Watu wote barazani wakaitikia.

Na mimi nikaitikia.

(Ningefanyaje? Tangu nikiwa mtoto, mtu akiyasema maneno hayo mdomo wangu huitikia wenyewe.)

Kilio kikaanza ndani, kikapita uani, kikaenda nyumba ya pili. Mimi nikaona ni bahati mbaya kubwa: nimekuja kuposa, na kumbe siku hiyo hiyo watu hawa wamefiwa. Nikaona ni adabu kuisogeza posa mbele. Nikamwinamia Athumani, nikamshika bega.

"Poleni sana," nikamwambia. "Ni nani aliyefariki?"

Athumani aliinua uso, machozi yamemjaa.

"Fundi, wewe ndiye wa kutuambia. Amekufa saa ngapi?"

"Nani?"

"Baba mdogo."

Nawaambieni, kanzu ilikuwa nyembamba na pana, na hewa ilikuwa inapita, lakini jasho lililonitoka pale hakuna kitabu kilichoandika dawa yake. Nilisema hajafa. Nilisema tena. Lakini nilikuwa nasema kwa sauti ya mtu mstaarabu, na barazani palikuwa na kilio. Aliye karibu nami alidhani nalia, akanikumbatia. Mwalimu alikwisha kuanza kuwapanga vijana nani apande Lushoto kuleta maiti na nani achimbe kaburi.

Ndipo Zaina akatokea, anatoka sokoni, kapu kichwani. Alisikia kilio tangu barabarani. Kapu likaanguka, vitunguu vikatawanyika mpaka chini ya cherehani, naye akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akashika kichwa. Sikuwahi kumwona analia. Mwanamke huyu hucheka hata akiumwa jino.

Utaratibu wote ukanitoka. Nilipanda juu ya benchi. Nilivuta pumzi. Nikapaaza sauti ambayo sijaitumia tangu niliporukiwa na nyani shambani:

"Hajafa mtu! Nimekuja kumposa Zaina!"

Kilio kilikatika. Hata nyumba ya pili kilikatika. Mtu wa kwanza kusema alikuwa shangazi, na alisema akiwa bado ameweka mikono kichwani.

"Hajafa?"

"Hajafa, shangazi. Jana alikataa uji. Anasema hauna sukari."

"Huyo ndiye," akasema. Akafuta macho. Kisha akanitazama kutoka kofia mpaka viatu. "Sasa wewe bwana harusi, mbona unanuka maiti?"

Nikaeleza. Nikiwa juu ya benchi bado, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuweka mguu, nilieleza habari ya koti, na kitabu, na sanduku, na nondo, na vipande katika kila mkunjo. Niliona nikieleza kwa ukamilifu wataelewa. Walielewa. Alianza mwalimu, ndevu zikitikisika. Wakafuata wenye mikeka. Aliyekuwa ameteuliwa kuchimba kaburi alicheka mpaka akalala juu ya viatu vya watu. Wanawake waliokuja kulia hawakuondoka. Walikaa wacheke, maana walikwisha kufika.

Athumani peke yake hakucheka. Alinishusha, akaushika mkono wa kanzu yangu, akapitisha kidole kwenye mshono, akaunusa, akageuza uso.

"Kitambaa kizuri," akasema. "Mshono mzuri. Kwa jua letu hili umevaa sawasawa." Akauachia mkono. "Lakini mimi nimemlilia baba yangu mdogo leo, Fundi. Siwezi kukupa jibu na macho yangu hayajakauka. Tena mkubwa wetu ni yeye, si mimi. Kama yu hai kama unavyosema, mwendee ukamwombe yeye. Akikubali, mimi sina neno."

Nikasema nitakwenda kesho.

"Na umwambie kwa mdomo wako tulivyomlilia. Habari hii itapanda Lushoto hata tukikaa kimya, na asiisikie kwa mwingine."

Shangazi akaongeza kwamba nisimwambie kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Sikula muhogo, ijapokuwa sasa niliutamani. Nilisaidia kuokota vitunguu. Zaina alikuwa anaviokota upande wa pili wa cherehani, haniangalii. Nilimwomba radhi. Aliendelea kuokota mpaka kapu lilipojaa. Kisha akasema, taratibu, kaka yake asisikie:

"Mombo nzima sasa inajua ulikuja kwa ajili ya nani. Hata nikitaka kukukataa, watu wataniuliza nimemkataaje mtu aliyemfufua baba yangu mdogo."

Sijui kama hilo ni jibu. Nimelifikiria kona zote za kurudi huku juu. Lori lilikuwa lile lile na dereva yule yule, na safari hii aliimba.

Sasa ni jioni, na kanzu nimeifua. Nimeianika uani, naiendea, nainusa, narudi ndani, na kabla sijakaa vizuri naiendea tena. Haijatoka. Koti nalo asubuhi nililifungia katika sanduku hilo hilo, pamoja na mashati. Kesho asubuhi ninatakiwa kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa, na harufu yangu hii, nimwambie kwamba ndugu zake wamekwisha kumlilia, kisha nimwombe mke. Maneno haya nimejaribu kuyapanga. Nimeanza na salamu. Nikaanza na posa. Kila nikianza, naona mzee anatafuta kengele ya kumwita daktari.

Mwenye shati la kuniazima na ampe kijana aliyewaletea barua hii, lifike kwangu usiku huu huu. Na kicheko nawaomba mkiweke akiba mpaka Mzee Singano aseme ndiyo. Hapo chekeni mnavyotaka, maana nitakuwa na mwenzangu wa kuchekwa naye.