Mizani ya Mjomba Injinia

Nimetoka shuleni sasa hivi kwa kupitia nyuma ya vyoo vya watoto, kwa sababu kwa geti sipiti tena. Leo nimeaibishwa na Gredi ya Kwanza. Darasa zima.

Niwaeleze. Ninakaa kwa dadangu hapa Kiamunyi nikitafuta kazi (natafuta polepole, nisiishtue). Binti yake, Shiro, yuko Gredi ya Kwanza. Mnajua shule za siku hizi: mtoto anapewa kazi, mzazi anaifanya, mtoto anaibeba. Shiro akiambiwa alete herufi, mimi nazichonga kutoka kwa soli ya patipati kuukuu. Akiambiwa alete vitu vya kuhesabia, natoboa vifuniko vya soda na kuvipanga kwa waya, rangi kwa rangi. Shiro anatazama katuni. Matokeo yanarudi: "Amezidi matarajio." Mimi, niliyeachana na shule darasa la tano, nimezidi matarajio!

Wazazi wakaanza kuniita Injinia. Sikukataa.

Juzi mwalimu wao, Teacher Chepkoech, akaniambia shule inatafuta fundi wa kutengeneza vifaa vya madarasa ya chini. "Leta mizani siku ya wazazi, watoto wajifunze nzito na nyepesi. Mwalimu mkuu akiipenda, kazi ni yako."

Kazi! Ya mshahara!

Mizani naijua. Nilipokuwa nikipakia viazi Mau Narok, broka wetu, mnunuzi wa viazi, alikuwa na mizani ya mbao, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitengeneza ikivunjika. Nikaiga ile ile, ndogo tu. Sahani mbili za bati, kamba, msumari katikati. Yaani, karibu na katikati. Na kipande cha chuma upande mmoja, ili isimame sawa ikiwa tupu. Ya broka ilikuwa hivyo, nikadhani ndivyo mizani zote hutengenezwa. Nikaipaka rangi ya bluu.

Leo darasa limejaa. Wazazi kwenye viti vya watoto, magoti yanagusa masikio. Mwalimu mkuu mbele. Mimi kando yake, ndani ya shati la shemeji.

Teacher akaweka pakiti ya sukari kila upande. Pakiti sawa, duka moja. Kushoto kukazama.

"Gani nzito?"

"Ya kushotooo!"

Teacher akakunja uso. "Shiro, kuja uzibadilishe."

Shiro akabadilisha. Kushoto kukazama tena.

Unajua sauti ya watoto arobaini wakifikiri? Mimi sasa naijua.

"Tisha," mtoto mmoja asiye na meno ya mbele akamuuliza mwalimu, "sukari ikihama inakuwa nzito?"

"Apana," Shiro akajibu. Damu yangu mwenyewe! "Sukari iko sawa. Ni mizani inadanganya."

Basi ikawa sherehe. Wakaweka kifutio na kifutio. Wakavua viatu, wakaweka kiatu na pacha wake. Kila mara kushoto, na kila mara makofi.

"Ni upepo," nikasema. (Madirisha yalikuwa yamefungwa.)

Hapo shosho mmoja, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake, akainuka kutoka nyuma. Akaizunguka mizani yangu kama mtu anayemtambua mwizi sokoni.

"Hii naijua! Mama yake yuko kwetu Mau Narok. Ndiye hunipimia viazi!"

"Shosho, mimi nilikuwa napakia tu..."

"Ahaa! Ndiyo maana hiyo sura pia naijua!"

Shiro, Mungu ambariki, alikuwa tayari amechukua penseli na kupima mti wa mizani, kutoka msumari hadi mwisho, huku na huku. "Huku ni kurefu, Tisha."

"Na huyu ndiye injinia?" shosho akamuuliza mwalimu mkuu.

Shiro akaona nimeonewa, akanitetea: "Apana, ni anko tu. Yeye ndiye hunifanyia homework yote."

Wazazi waliokuwa wakicheka wakaanza kuangalia viatu vyao.

Mwalimu mkuu akanipa mkono. "Asante kwa kuja." (Ukiambiwa hivyo na hujaaga, jua umeshaondoka.)

Sasa, nyuma ya vyoo, nikasikia mtu akinifuata. Baba mmoja wa darasa hilo, jaketi la ngozi, kalamu sikioni.

"Injinia."

Mtu pekee aliyebaki akiniita hivyo!

"Mimi hununua mahindi. Unaweza nitengenezea kama hiyo, kubwa?" Akatazama huku na kule. "Lakini boss, iboreshe. Hiyo yako hata watoto wameigundua."

Bado nafikiria. Ninyi chekeni tu, lakini siku ya kuuza gunia lako, tembea na mtoto wa Gredi ya Kwanza.