Sahani Tatu na Masikio Yangu

Jumatatu, 6 Septemba 1954. Temeke.

Leo nimeapa mbele ya watu. Jirani yangu Mwinjuma kasema barazani kwangu eti magitaa yasiyo na mwimbaji yote yanafanana, na mie nasifia nisichokijua. Mie! Mwenye gramafoni pekee inayolia mtaa huu! Ya kwake ilikatika springi, ndiyo maana sahani zake za muziki huzileta kwangu. Nikamwambia nifunge macho, piga sahani yoyote, nitakutajia mpigaji kabla hujameza kahawa. Akasema haya, Ijumaa baada ya Alasiri. Nikishinda, sahani zake zangu. Nikishindwa, gramafoni yangu iwe yake. Nilicheka sana. Mke wangu Tabu hakucheka.

Jumanne, 7 Septemba.

Nimezisikiliza sahani mbili za Mwinjuma zilizobaki hapa, moja ya mpigaji Audax, moja ya mpigaji Fakihi. Gitaa kavu tupu. Hakuna neno hata moja la kushika! Audax, ting ting. Fakihi, ting ting. Nimerudia mara saba, sindano imekwisha. Hapo ikanijia akili. Akili yangu haijapata kunitupa.

Jumatano, 8 Septemba.

Tabu alipokwenda bombani nilichukua msumari. Audax nikamtia mkwaruzo mmoja pembeni. Fakihi miwili. Nikajaribu. Audax analia tak. Fakihi tak-tak. Safi kabisa!

Adhuhuri Mwinjuma kaja kuchukua sahani zake. Kazigeuza juani. Kapitisha kidole pembeni, taratibu. Jasho likanitoka mpaka kwenye kikoi. Kauliza mbona zinang'aa. Nikasema nimezipaka mafuta ya nazi, kwa heshima yake. Kasema Mungu akulipe. Sikupenda alivyolisema.

Alhamisi, 9 Septemba.

Tabu kaniomba tukae tuisikilize sahani yangu mwenyewe, ya Kondo, mwanzo mpaka mwisho, mie nikiwa kimya. Ninayo moja tu, lakini naipiga kila siku tangu mwaka juzi, nikiwaeleza wageni uzuri wake. Nikamfahamisha kwa nini hakuna haja. Nilipomaliza kumfahamisha, sahani nayo ilikuwa imekwisha.

Ijumaa, 10 Septemba.

Baraza limejaa. Bwana Rahemtulla, mwenye duka aliyetuuzia sahani zote, ndiye mwamuzi, maana anasoma maandishi ya katikati ya sahani. Wakanifunga macho kwa kanga ya Tabu, uso ukutani.

Sahani ya kwanza. Tak. Nikasema Audax! Watu wakapiga makofi.

Ya pili. Tak-tak. Fakihi! Nikasikia kikombe cha Mwinjuma kikigonga kisahani.

Ya tatu. Nikangoja tak. Hakuna tak.

Nikangoja tena. Ikabidi nisikilize. Chini kidole gumba kinatembea polepole kama mtu arudiye msikitini, juu nyuzi nyembamba zinamcheka. Katikati mpigaji ananyamaza kidogo, kama kasahau njia, halafu anarudi. Machozi yakalowesha kanga. Sijapata kusikia kitu kama hiki maishani! Nikatangaza kwamba huyu ni Mkongo, na sahani yenyewe haijafika bado mjini kwetu.

Kikazuka kicheko, watu wanashikana mbavu.

Bwana Rahemtulla kasoma kwa sauti: Kondo. Nikang'oa kanga. Sahani yangu mwenyewe! Kumbe Mwinjuma alimwomba Tabu, Tabu akampa. Nikamgeukia Tabu. Kasema, "Baba Mwanakombo, si ulisema sahani yoyote?"

Wameibeba gramafoni yangu mchana kweupe.

Jumapili, 12 Septemba.

Nimekwenda kwa Mwinjuma na sahani yangu ya Kondo chini ya kwapa. Sina kinyongo, mie mtu mzima. Kanikaribisha vizuri, kanipa kahawa, kaiweka. Mgeni mmoja pale hakuwa anajua lolote, ikabidi nimweleze habari za kidole gumba, na nyuzi nyembamba, na jinsi mie nilivyoitambua Ijumaa ila nikamwonea huruma Mwinjuma. Mwinjuma kasema, "Salumu bwana, nyamaza tusikie." Nikamwambia nyamaza wewe, panakuja pale mpigaji anaponyamaza, hapo ndipo penyewe.

Nikaendelea kueleza. Sahani ikaisha. Pale anaponyamaza hapakuwapo!

Siku mbili tu, keshaiharibu gramafoni.