Makali ya Kumshinda Maélie

Jumatatu, 6 Januari
Imebaki nafasi moja kwenye timu ya hoki ya barafuni. Tumebaki wawili: mimi na Maélie Plourde, mtu pekee anayenisalimu kwa jina kila asubuhi. Mkosi gani huu! Kocha Boudreau atatupima Jumamosi: kuruka, mbio za ukumbini, halafu mbio za barafuni. Anadai mwenye miguu yenye nguvu ukumbini ndiye mwenye kasi barafuni. Akauliza nani ana swali. Mimi nilikuwa nalo. Lakini nyumbani tunasema Kifaransa, kocha anasema Kiingereza, na mimi naona haya katika lugha zote mbili.

Jumanne, 7 Januari
Nimejipima chumbani. Naruka urefu wa mto. Mto wa kulalia, si wa maji. Mama akauliza kutoka chini nimeangusha nini. Kitabu, nikasema.
Mpango: nguvu ianzie tumboni. Nimemaliza sinia zima la ployes, zile chapati zake za ngano nyeusi, na sharubati ya mepo, ule utomvu mtamu wa mti, juu yake. Nguvu haikuja. Usingizi umekuja.

Alhamisi, 9 Januari
Nimepata! Miguu ya nini wakati kuna chuma? Nimempelekea mzee Gervais, mnoaji wa pale uwanjani, viatu vyangu vya barafu, anoe chuma cha chini yake. Akauliza ule mfereji wa katikati ya chuma, unaozidisha makali ukichimbwa, auchimbe kiasi gani. Kabisa, nikasema. Akanitazama juu ya miwani.
"Kijana, hivyo vitang'ata barafu. Havitateleza."
Wivu wa kizee.
Natoka, namwona Maélie anapanda ngazi za jukwaa la watazamaji kwa kurukaruka, mguu mmoja, mashavu mekundu. Akanipungia. Nikajificha nyuma ya mashine ya soda. Masikini, anajichosha bure.

Jumamosi, 11 Januari
Ukumbini Maélie kanishinda kila kitu. Sikujali. Barafuni tukapangwa sambamba. Filimbi! Hatua ya kwanza, viatu vikang'ata. Ya pili, vikagoma kuachia. Mwili ukaendelea, miguu ikabaki. Nikatua kwa kidevu.
Maélie alikuwa ameshavuka katikati. Nikasikia chuma kikikwaruza. Amegeuka! Kocha akamfokea asisimame, anaharibu muda wake. Yeye akaja akapiga goti kando yangu.
"Umeumia, Zach?"
Zach! Hata Mama huniita Zacharie. Nikasema hapana, sijui kwa lugha ipi.
Akamwomba kocha turudie, mmoja mmoja, na mimi nivae viatu vyake. Namba yetu ni moja. Vilikuwa bado vina joto lake. Sijawahi kwenda kasi vile maishani! Kisha akavivaa yeye, akaniacha mbali. Nafasi ni yake, na ni haki yake. Nilipiga makofi mpaka glavu ikaruka.
Kocha kasema kuna majaribio mengine Machi, nikaitengeneze miguu. Maélie kasema Jumatatu, kabla ya shule, tupande ngazi pamoja. Anataka niwe kwenye timu. Kasema hivyo hivyo, akiniangalia.

Jumapili, 12 Januari
Nimewaza sana. Kosa lilikuwa la viatu. Miguu yangu haina neno.
Kesho naenda. Nimeshachunguza: nyuma ya mashine ya soda kuna lifti ya watu wa viti vya magurudumu. Nitapanda naye ngazi chache, nitainama kama nafunga kamba, nimwache atangulie. Atakapofika juu anahema, atanikuta nimesimama, sina jasho, nimemshikia chupa ya maji. Ataona mwenyewe miguu ilivyokomaa.