Mkandarasi Huru Anayeomba Ruhusa ya Kwenda Chooni

Jumatatu, 3 Machi
Nimechelewa kuwasha kamera. Kidogo tu! Msimamizi amenisema mbele ya wenzangu wote, vichwa vimejaa kwenye kioo cha kompyuta, kila kimoja kimejibana chumbani kwake. Tunajibu simu za wateja wa duka la majokofu na majiko lililo mbali huko. Mimi sijawahi kulitia machoni.

Msimamizi tunamwita Bi Kamera. Nilimweleza kwa upole kwamba fundi wa kuchomelea hapo nje ndiye aliyeangusha umeme. Akasema hilo halimhusu. Mimi ni mkandarasi huru, na mkandarasi huru hujitafutia umeme wake. Kisha akanionya nisichelewe tena.

Meza yangu ni ubao wa kupigia pasi. Haipunguzi hadhi. Mama mkwe nimemwambia nina kampuni. Kwa namna fulani ni kweli.

Nimeomba ruhusa ya kwenda chooni mara mbili. Ya pili nimenyimwa.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu anajifungua wiki hii. Daktari kasema. Anataka niwe naye hospitalini. Si jirani, si mama yake: mimi. Mimba ya kwanza iliharibika akiwa peke yake, mimi niko kazini. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ndiyo maana siwezi kumwambia hapana.

Nikaomba likizo. Bi Kamera akacheka. Wakandarasi huru hawana likizo! Nikasema basi, kwa kuwa niko huru, sitakuja tu. Akasema nisipokuja nisirudi.

Mwenzangu mmoja wa zamu akaniandikia pembeni. Tunamwita Wakili kwa sababu anapenda vifungu vya sheria kuliko chai. Akasema sisi ni waajiriwa tuliobandikwa jina lingine ili tusipewe likizo wala matibabu. Yeye na wenzetu wanapeleka malalamiko idara ya kazi. Je, nitatia sahihi?

Nimekataa. Mwenye kampuni halalamiki. Mwenye kampuni hutumia akili.

Jumatano, 5 Machi
Akili imekuja nikiwa napiga mswaki. Mkandarasi huru hutuma mtu! Fundi ujenzi akibanwa, si humtuma fundi mwenzake?

Nimemchukua shemeji, kaka yake mke wangu. Ni kinyozi. Hajui kunyamaza, na kazi yetu ni maneno. Mabega yetu yanalingana. Nimemvalisha miwani yangu na kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi. Kwa mbali ni mimi kabisa, ila mzuri kidogo.

Akauliza atalipwaje. Nikamweleza yeye si mwajiriwa wangu, ni mshirika. Yuko huru kama ndege. Akae tu kwenye ubao kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja, asitoke. Akauliza chakula je? Nikasema mshirika hujilisha mwenyewe.

Akanyamaza. Kinyozi kunyamaza! Sikulitilia maanani.

Alhamisi, 6 Machi
Uchungu umeanza alfajiri. Hospitalini. Shemeji yuko kwenye ubao.

Nikampigia simu nikiwa kwenye korido. Anasema kila kitu shwari. Mteja mmoja alilalamika jokofu linanguruma. Shemeji akamwuliza analala na nani nyumbani, mteja akaanza kulia, kumbe mumewe amehama. Wakazungumza weee. Jokofu limesahaulika. Mteja ametoa nyota tano.

Mimi sijawahi kupata nyota tano! Nilirudi chumbani nimenuna. Mke wangu, katikati ya uchungu, akauliza nina nini. Nikasema namwonea huruma. Akanikamata mkono akaubana mpaka nikapiga yowe kuliko yeye. Mkunga akatishia kunitoa nje.

Mchana: MTOTO WA KIKE! Mzima! Analia kwa sauti ya mtu mwenye madai. Mke wangu akanitazama, akaniegemea tu. Kulikuwa na vumbi chumbani. Liliniingia kwenye macho yote mawili.

Mama mkwe amefika na mafurushi yake. Nikampigia shemeji kumpa habari njema.

Heri nisingempigia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesimuliwa yote. Simu yangu ilimkuta shemeji katikati ya mkutano, kamera zote wazi. Aliruka. Kofia ikaanguka. Akapiga kelele: "Nimekuwa mjomba! Jamani, nimekuwa mjomba!"

Bi Kamera, ambaye alishajua kwamba mke wangu ndiye anayejifungua, akauliza mtu anakuwaje mjomba wa mtoto wake mwenyewe. Shemeji, kwa nia njema, akamjibu kwamba ukoo wetu una mambo mengi.

Leo nimeitwa kikaoni. Wote kwenye kioo, mimi nimesimama nje ya wodi, simu mkononi, nguo chafu za mtoto begani. Nikajitetea kwa heshima. Mimi ni mkandarasi huru. Namtuma nimtakaye.

Bi Kamera akapandisha sauti: "Humtumi mtu! Unafanya kazi wewe mwenyewe, kwa saa tunazotaka sisi, kwa namna tunayotaka sisi, na huinuki hapo bila ruhusa yangu!"

Wakili akamwomba arudie, simu yake ilikwama kidogo. Akarudia! Kwa sauti zaidi! Wakili akamshukuru sana. Vikao vyote hurekodiwa. Sheria ya kampuni yenyewe.

Nimefukuzwa. Wakili amenitumia pongezi. Sijaelewa za nini. Nimetia sahihi malalamiko yao, maana sina shughuli nyingine. Mke wangu bado hajui.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu amejua. Shemeji, bila shaka. Hakugomba. Amesema alinitaka pale na nilikuwa pale. Nikatoka nje kuangalia kama nguo zimekauka. Hazikuwa zimefuliwa.

Alhamisi, 27 Machi
Idara ya kazi. Afisa ni mama mpole mwenye mafua. Akamsikiliza Bi Kamera kwenye rekodi, mara ya kwanza na ya pili. Akapenga kamasi. Akasema mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni si mkandarasi wa mtu yeyote. Kampuni ikatapatapa, ikakubali. Sote ni waajiriwa! Nimerudishwa kazini, na likizo ya uzazi juu. Wakili alilia. Wenzangu wananiita shujaa. Nimewaambia nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Ndipo shemeji, aliyeletwa kama shahidi, akanyoosha mkono. Aliomba kuuliza tu: mtu akivalishwa miwani, akapangiwa saa, akakatazwa kutoka, huyo naye ni mshirika?

Afisa akanigeukia. Nikasema hilo ni jambo tofauti kabisa, la kifamilia. Akapenga tena kamasi. Nimeagizwa nimlipe shemeji, na chakula chake.

Jumatatu, 31 Machi
Siku ya kwanza ya likizo. Nimepumzika vya kutosha kufikiri.

Mama mkwe ana moyo, lakini hana mpangilio. Anambeba mtoto akitaka, anamlaza akitaka, anaenda kwa jirani bila kuaga. Baada ya chai nikamwamkia vizuri, nikamweleza mpango wangu. Yeye atakuwa mshirika huru wa malezi. Hana bosi! Aanze tu saa kumi na mbili kamili, asitoke bila kuniambia, na jioni anipe taarifa.

Akasema, "Haya, baba, mshike." Akanipa mtoto. Akakusanya mafurushi yake.

Ameondoka. Mke wangu haniongeleshi. Mtoto amelowa, nami nimelowa naye.

Naona kosa lilikuwa kwenye neno "taarifa". Kesho namwita mama yangu mzazi. Kwake nitasema "ripoti".