Sauti Ndani ya Amplifaya

Jumatatu, 4 Machi

Bahati imebisha hodi! Kiongozi wa bendi anatafuta mpiga gitaa. Kila anayetaka nafasi ampelekee wimbo mmoja aliourekodi mwenyewe, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Tuko wawili tu: mimi, na mwenzangu wa pale kwenye kiwanda cha uchapaji, tunayemwita Vidole. Vidole anajua kupiga. Mimi nina akili.

Mpango ni huu. Vidole atarekodi kwa simu, juu ya meza. Mimi nitamzidi kwa mlio. Nimenunua amplifaya iliyotumika kutoka kwa mjane wa mpiga gitaa mmoja. Nzito kama gunia la saruji. Yule mama alisema marehemu hakupenda iguswe. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kazini nimesema jino linaniuma, niruhusiwe kuondoka kila siku adhuhuri. Bosi amekubali, ila nikipona anataka kuliona hilo jino.

Jumanne, 5 Machi

Kikwazo kikubwa: mke wangu. Ni muuguzi, wiki hii yuko zamu ya usiku. Mchana analala, mto juu ya kichwa kuukwepa mwanga. Mwaka jana nilidondosha kijiko. Yaliyofuata sitaki kuyaandika.

Kwa hiyo amplifaya nimeiweka stoo, ambayo imetenganishwa na kitanda chetu kwa ubao mwembamba tu. Nimeifunika mablanketi matatu. Maikrofoni ndani ya mablanketi, mbele ya spika, katikati kabisa. Waya mrefu mpaka sebuleni kwenye kompyuta. Hedifoni masikioni. Kitufe cha ukali wa gitaa mpaka mwisho, cha sauti chini.

Mlio: nyuki waliofungiwa kwenye kopo.

Lakini hilo si kitu. Niliposikiliza nilichorekodi, pale nilipopumzisha mkono, nikasikia mtu. Ndani ya amplifaya! Sauti nzito, imezibwa, kama ya mtu aliyefukiwa. "Punguza... punguza, inakwenda kasi mno."

Nikavua hedifoni. Nikavaa tena. Bado ipo. Nikausukuma mlango wa stoo kwa mpini wa ufagio. Hakuna mtu.

Nimekaa barazani mpaka mke wangu alipoamka. Akaniuliza mbona nimepauka. Nikamwambia ni jino.

Jumatano, 6 Machi

Nimejipa moyo. Marehemu anataka nipunguze, mimi ni nani nibishane naye? Nimeshusha ukali mpaka nusu. Lahaula! Gitaa linasikika kama gitaa!

Nikasikiliza mpaka mwisho. Akasema tena. "Mfunueni huyo, anakosa hewa." Nikaingia stoo macho nimefumba, nikavuta mablanketi yote. Mlio ukapumua.

Nikarekodi tena. "Msogeze pembeni. Si katikati, pembeni." Nikaisogeza maikrofoni vidole viwili kutoka katikati ya spika kuelekea ukingoni. Ule ukakasi wote ukaondoka, ukabaki utamu.

Mara ya nne akasema, "Mnyanyue hapo chini."

Hapo nikazima kila kitu. Kuna jambo limenitisha kuliko yote. Angesema "ifunue" na "inyanyue" ningevumilia. Yeye anaitaja amplifaya kama mtu.

Jioni Vidole amekuja kunipa pole ya jino. Akauliza ni upande gani. Nikaonyesha kushoto. Baadaye, wakati wa kuaga, nikajishika kulia. Amesema ugonjwa wangu unahama haraka. Yeye amesharekodi, kwa shangazi yake, madirisha wazi, bila wasiwasi wowote. Namchukia mtu asiyeogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi nimeiweka amplifaya juu ya kiti. Ule mngurumo uliokuwa ukitoka sakafuni umetoweka. Mchana nimepiga wimbo wote kwa mkupuo mmoja, sijakosea ila mara nne. Mlio wa studio! Nilikaribia kumshukuru marehemu kwa sauti.

Kisha nikasikiliza mwisho wa wimbo. Pumzi ndefu. Kimya. Halafu:

"Huyu amekwisha. Mfunikeni."

Nimekimbia mpaka njia panda, hedifoni kichwani, waya ukiburuzika nyuma yangu. Amekwisha nani? Kwenye kile chumba cha stoo haingii mtu mwingine zaidi yangu. Ni mimi! Mapigo ya moyo nimeyahesabu: mia moja na ishirini. Kisha nikapoteza hesabu, jambo ambalo nalo ni dalili.

Nimeandika wosia. Gitaa libaki kwa mke wangu. Vidole asipewe hata waya.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshindwa. Alipoamka nimemwambia mke wangu kila kitu: amplifaya, mjane, uongo wa jino, na kwamba nitakufa. Nikamvisha hedifoni, akakaa ukingoni mwa kitanda akasikiliza.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika kabati asianguke. Ni sauti yake! Huongea usingizini, na kinachomtoka ni cha wodini. Dripu inakwenda kasi, punguza. Mgonjwa amefunikwa gubigubi, mfunueni. Amelala vibaya, msogeze. Ameteleza kitandani, mnyanyue. Na mto uliokuwa usoni ndio uliomfanya asikike kama marehemu.

Halafu akafika mwisho wa wimbo, akaacha kucheka. Akavua hedifoni taratibu, akaziweka magotini.

Ni mzee wa kitanda cha tisa, akasema. Amefariki jana alfajiri. Wiki tatu mzee huyo alikuwa akimwita "mwanangu" na kumwuliza kama amekula. Mke wangu ndiye aliyemfumba macho. Akarudi nyumbani, nami mlangoni nikamwuliza ni kiti gani hakiyumbi.

Hakuwa amemwambia mtu.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Pole." Nikaogopa kuliko siku zote za wiki hii. Siku tatu mke wangu alikuwa akisema sikioni mwangu, na sikuitambua sauti yake.

Kisha nikamwuliza, polepole, kama rekodi ile naweza kuitumia. Akasema niyafute yale maneno ya mwisho. Nimeyafuta.

Jumamosi, 9 Machi

Kiongozi wa bendi amesikiliza wimbo wangu macho amefumba. Kisha wa Vidole. Mlio wa Vidole ni aibu: kuna jogoo, kuna mtu anafua. Lakini vidole vyake vinakimbia kama maji.

Vidole amepewa nafasi ya gitaa.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, kiongozi akanishika bega. Akasema hajawahi kusikia amplifaya iliyorekodiwa nyumbani kwa uzuri ule. Jumatatu mchana niende ukumbini kwao, nimrekodi Vidole. Nikamwambia ni matunda ya utafiti wa miaka ishirini. Vidole akaniuliza jino linaendeleaje. Nikamwuliza jino gani.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amesema niende kwa kiongozi nikaseme ukweli. Au basi nikumbuke yale mambo manne tu: kupunguza ukali, kuacha spika ipumue, kusogeza maikrofoni pembeni, kunyanyua amplifaya. Amesema hata mgonjwa wa homa angeyakumbuka.

Yeye haelewi. Ukumbi ni mwingine, spika ni nyingine, na watu watakuwa wamesimama wananitazama. Nikikwama, nani atanong'ona?

Nimewaza kutwa nzima, na saa hizi jioni nimepata jawabu. Nimemwuliza kwa upole kama kesho mchana anaweza kuja kulala ukumbini. Saa moja tu, godoro nitalibeba mwenyewe.

Amechukua mto wake kitandani, akaufungia kabatini. Nadhani analifikiria.